Tuvunje Birika Tuweke Bafu?

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye yuko Ghuba kikazi, aliniletea kwa simu picha za mabafu ya kulalia, moja baada ya jingine, mpaka zikafika kumi na saba. "Shikamoo mjomba," akaniandikia, "nichagulie mojawapo la kumwekea Bibi chooni. Lile birika la zamani livunjwe, gharama zote juu yangu."

Nilizitazama picha zile moja moja. Mabafu meupe kama yai, mengine yana miguu ya dhahabu, na ndani yake amelala mtu, povu limemfika shingoni. Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Nilidhani ni yale yale ya vijana wetu wakitoka nje kidogo, kutaka kila walichokiona huko kihamie nyumbani. Nilikuwa tayari kumjibu kwamba nyumba ya marehemu babu yake, iliyomo Mji wa Kale wa Mombasa, haikujengwa kwa mambo hayo.

Hata hivyo niliona si adabu kujibu kabla ya kumwuliza mwenye nyumba. Nikenda kwa mama baada ya sala ya alasiri, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake cha kusalia. Ni Ramadhani mbili sasa hawezi kurukuu wala kusujudu kwa sababu ya magoti. Nilipomweleza habari ya bafu, hakucheka kama nilivyotaraji.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi bafu silijui. Mimi nataka maji ya moto ya kukalia kidogo kabla ya alfajiri, haya magoti yalegee. Daktari aliniambia. Nataka nisali nimesimama, hata kama ni rakaa mbili za sunna."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba jambo nililolidhania kuwa ni la mapambo lilikuwa la ibada na la uzee. Na kwa kuwa mambo haya hayako nyumbani kwetu peke yake, bali yanapita katika majumba mengi ya Mombasa, Lamu na Malindi, ambako watoto walio nje huleta fedha na choo ndicho cha kwanza kuvunjwa, nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji niliyoyapima kabla ya kumjibu mpwa wangu.

BIRIKA LILIVYOKUWA

Vijana wetu wengi siku hizi wakisikia neno birika hufikiri ni chombo cha kutilia chai. Lakini mzee yeyote wa Pwani anajua kwamba birika ni lile hodhi la mawe na chokaa lililojengwa pembeni mwa choo au kando ya msikiti, likajazwa maji, mtu akachota kwa kata na kujimwagia. Nyumba za kale za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996 au 2001 wauliza wengine. Jibu ni 2001, zina mabirika ya namna hii mpaka leo. Watu wa zamani walitia ndani yake visamaki vidogo vile mabuu ya mbu, na katika sakafu ya birika wakajengea bakuli la kaure ya Kichina, ili maji yakipungua au birika likisafishwa, samaki wapate pahala pa kubakia. Huo ulikuwa ufundi wa kupigana na mbu bila ya dawa.

Wala mapenzi yetu ya maji hayakuanza jana. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliyaona mambo hayo hayo, akaeleza kwamba milangoni mwa misikiti mlikuwa na visima, na kwamba mwenye kutaka kuingia huchota maji kwa chombo cha mti chenye mkono, akaosha miguu, kisha akaipangusa juu ya mkeka mnene. Huko Gede, mji wa magofu ulioingia nao katika urithi wa dunia mwaka 2024, anayezuru ataona visima na vyoo vya kuogea vilivyojengwa kwa mawe karne nyingi zilizopita.

Hata kuzama ndani ya maji si jambo geni kabisa kwa Waswahili. Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, hamamu huko Kidichi, Unguja, mwaka 1850. Mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akajenga hamamu mjini ambalo watu waliingia kwa malipo, na mtaa wenyewe ungali unaitwa Hamamni. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba bafu la kukalia ni uzungu mtupu, naye anasahau sehemu ya historia yake. Nami nilikuwa mmoja wao.

Lakini birika letu la nyumbani lina habari yake. Maji yake ndiyo yaliyowaosha dada zangu baada ya kusingwa siku za arusi zao. Ndiyo waliyoogeshwa watoto wa nyumba ile walipotimiza arubaini. Na maji ya birika hilo hilo ndiyo aliyooshwa baba yangu josho lake la mwisho. Tena siku bomba likikauka, majirani wa pande mbili hugonga mlango kuomba ndoo moja, na mama hajamrudisha mtu. Kulivunja si sawa na kung'oa sinki.

HESABU YA MAJI

Nikaanza na maji, maana bafu bila ya maji ni kihori kilichopandishwa pwani.

Mji wa Mombasa ni kisiwa, na maji yake matamu hutoka mbali. Bomba la Mzima, lililoanza kuleta maji mwaka 1957, huyatoa katika chemchemi zilizo zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Mengine hutoka Baricho katika Mto Sabaki, Marere na Tiwi. Yote hayo hayatoshi, na kila mwenyeji anajua desturi ya kupata maji kwa zamu, na kununua mitungi ya mkokoteni zamu inapopita. Visima vya Mji wa Kale vipo, ila maji yake yana chumvi. Ndugu zetu wa Lamu nao wanategemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya michanga ya Shela. Kila bafu na kila kidimbwi cha kuogelea kinachoongezwa huko huteka katika akiba ile ile moja.

Bafu alilolipenda zaidi mpwa wangu huchukua lita 300. Mtungi wa mkokoteni ni lita 20, kwa hivyo bafu moja ni mitungi 15. Mtu mzima akioga kwa ndoo na kata, mtungi mmoja humtosha na kumzidi. Basi mtu mmoja akilala ndani ya bafu lile mara moja, ametumia maji ya kuogea watu 15. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walisema wazee. Na katika nyumba yenye zamu ya maji, sisi ndio chungu.

Kisha kuna moto wa kuyapashia. Maji yetu ya Pwani hutoka yakiwa na joto la digrii 27 hivi. Kuyafikisha digrii 39, lita 300 huhitaji umeme wa uniti 4 na zaidi kidogo kila mara. Na kuna jambo ambalo wenye maduka hawalitaji: pipa la kupashia maji linalofungwa katika nyumba nyingi ni la lita 50. Maji yake yakipashwa mpaka digrii 60, kisha yakachanganywa na ya baridi, hupatikana kiasi cha lita 137 tu za digrii 39. Mwenye bafu la lita 300 atakaa ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyofika kiunoni, akisubiri pipa lipashe tena. Mabafu mengi yaliyonunuliwa kwa bei kubwa hugeuka pahala pa kuwekea nguo chafu kwa sababu hiyo tu.

SAKAFU YA BORITI

Baada ya maji nilimwita mwashi, mzee aliyerithi kazi yake kwa baba yake. Choo cha mama kiko ghorofani. Hakutazama picha za mabafu hata moja. Alishuka chini, akapanda juu ya kiti, akagonga boriti za dari kwa kipini cha nyundo, moja baada ya moja. Mbili zilitoa sauti ya mti mkavu, ya tatu ikatoa sauti ya gome tupu.

"Hii imekula maji," akasema. "Birika juu huko limekaa juu ya ukuta, halina neno. Hilo bafu lenu mtaliweka wapi? Katikati?"

Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa kipimo cha boriti. Mkoko hautoi mti mrefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Juu ya boriti huja mawe ya matumbawe, kifusi na chokaa, na uzito wa sakafu peke yake ni mkubwa. Sasa tazama: lita moja ya maji ni kilo moja. Bafu la chuma lenye kilo 150, likitiwa lita 300, ni kilo 450, na linasimama kwa miguu minne, kila mguu ukibeba zaidi ya kilo 110 pahala padogo kama kiganja. Wajenzi wa zamani waliweka birika pembeni, juu ya ukuta mnene unaoshuka mpaka chini ya ardhi, kwa sababu walijua wanalolifanya.

Aidha, bafu huvuja. Haivuji mwaka wa kwanza. Huvuja pole pole chini ya tundu la kutolea maji, pahala pasipoonekana, na boriti hunywa maji hayo mpaka siku inapooza. Birika likivuja, ukuta hulia na kila mtu huona.

Kuhusu vitu vyenyewe, mwashi alinipa somo fupi. Bafu la chuma lililopakwa rangi ya kioo hudumu na hushika joto, lakini ni zito, na rangi ikitoka kidogo, maji ya chumvi huingia na kutu haina simile. Bafu la akriliki ni jepesi, kilo 30 au 40, halishiki kutu, ila hukwaruzika na likikaa bila ya kuegemezwa chini hupasuka. La tatu ni la kujengwa kwa mawe au zege na kupakwa plasta ngumu au kubandikwa vigae. Hilo halihamishiki, lakini hujengwa kwa kipimo cha mtu, na fundi wake yuko mtaani.

TWAHARA NA MAJI YALIYOTUAMA

Swali la tatu nililipeleka kwa mwalimu wetu wa fiqhi, kwa sababu mama mwenyewe aliuliza: "Je, nikikaa humo, josho langu litasihi?"

Mwalimu alinikumbusha kwanza kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitosheka kwa josho na kiasi cha pishi moja ya Kiarabu, yaani sa'a, ambayo ni lita 3 hivi. Israfu ya maji haikupendwa hata pale maji yalipokuwa mengi. Kisha akaeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii maji kidogo ni yale yasiyofika kula mbili, na makadirio ya wanavyuoni wa zama hizi hutofautiana, wengi wakitaja baina ya lita 190 na 270. Mtu mwenye janaba akiingia ndani ya maji kidogo yaliyotuama akanuia josho, maji hayo huwa yameshatumika, wala hayamfai mwengine kujitwahirishia. Na kuoga janaba ndani ya maji yaliyotuama kumekatazwa katika hadithi iliyo katika Sahihi ya Muslim, kukatazwa ambako wanavyuoni wetu wamekuchukua kuwa ni karaha.

"Kwa hivyo," akasema, "mama aoge kwanza kwa kata au kwa maji ya bomba yanayotiririka, ajitwahirishe. Kisha aingie kwenye maji ya moto kama mtu anayeingia kwenye dawa. Hayo hayana ubaya wowote." Akaongeza kwamba choo cha haja kisielekee wala kisipe mgongo kibla, na kama nafasi ipo, pahala pa kuogea patengwe na pahala pa haja, ili mtu asipate wasiwasi wa najisi.

Maneno yake yalinikumbusha desturi ya Wajapani, ambao ndio mabingwa wa mabafu ya kujizamishia. Wao bafu lao ni fupi na lenye kina. Mtu hukaa, halali. Na kabla ya kuingia, kila mmoja hukaa pembeni juu ya kigoda, akajisugua na kujimwagia maji mpaka awe safi kabisa. Maji ya bafu si ya kuondolea uchafu, ni ya kupumzishia mwili, na watu wa nyumba moja huyatumia maji yale yale kwa zamu. Nikaona ajabu: mtu wa Japani na mama yangu wa Mji wa Kale wamekaribiana zaidi kuliko mama na yule aliyelala katika povu.

TULIVYOAMUA

Tulikaa mimi, dada yangu na mwashi, mama akitusikiliza, tukayaweka yote juu ya meza. Tukaona kwamba kosa letu lilikuwa kuanza na picha. Tulipaswa kuanza na goti la mtu mmoja.

Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kuvuka ukingo wa sentimita 60 akiwa amelowa. Bafu la kulalia ni gumu zaidi kulitoka kuliko kuliingia, na kwa mtu mzima kuteleza mara moja kwaweza kuvunja nyonga. Yako mabafu yenye mlango pembeni, lakini anayeyatumia lazima aketi ndani wakati maji yanajaa, na aketi tena mpaka yaishe yote ndipo afungue, huku akipata baridi.

Basi birika libaki ghorofani kama lilivyo, boriti iliyooza ibadilishwe, na chumba kidogo cha chini karibu na ua, kilichokuwa ghala ya makuti na vyombo, kigeuzwe pahala pa kuogea pa mama. Humo mwashi atajenga hodhi la kukalia juu ya ardhi ngumu: ndani urefu wa sentimita 90, upana 60, maji yafike sentimita 50, na nusu ya hodhi iwe kibaraza cha kukalia chenye kimo cha sentimita 35. Sakafu ya hodhi itachimbwa chini kidogo, ili ukingo wake uwe sawa na kiti, na mama akae kwanza juu ya ukingo, kisha azungushe miguu. Vyuma viwili vya kushikia vitatiwa ukutani, vya aina isiyoshika kutu. Vigae vya chini viwe vya kukwaruza, si vya kung'aa.

Tukapiga hesabu tena. Hodhi lote ni lita 270. Toa kibaraza, lita 94. Toa mwili wa mama mwenyewe, lita 50 hivi. Maji yanayobaki kutiwa ni kiasi cha lita 125. Pipa la lita 50 linatosha kuyapasha. Umeme ni uniti 1 na robo tatu hivi. Na maji yakishatumika hayatamwagwa bure. Yatachotwa kwa ndoo yakafanya kazi ya kusukuma choo siku nzima. Hatatumia kila siku. Mara mbili kwa wiki zitamtosha.

Daktari naye aliulizwa, maana wazee wenye maradhi ya moyo au ya shinikizo la damu wasiingie maji ya moto kwa kukisia. Alisema maji yasizidi digrii 40, akae dakika 15 tu, anyanyuke pole pole. Sisi tukaongeza la kwetu: mlango usifungwe kwa ndani, na mtu awe karibu.

Nilipomwandikia mpwa wangu, mwanzo hakufurahi. "Mjomba," akasema, "nilitaka Bibi apate kitu kizuri, watu wakiingia waone." Nilimjibu kwamba kizuri kipo, ila watakaokiona ni wachache, na ndivyo choo kinavyotakiwa kuwa. Kisha nikampigia simu, nikampa bibi yake. Sikuyasikiliza waliyoyazungumza. Nilisikia tu mama akicheka, na mwisho akisema, "Basi chagua wewe rangi ya vigae, mjukuu wangu." Akachagua kijani kibichi. Fedha alizotaka kununulia bafu zimetosha hodhi, boriti na pipa, na kiasi kimebaki cha kununua tangi la kuvunia maji ya mvua.

Ama wale wasomaji ambao nao wameletewa picha na watoto wao, ningewaomba wasiwakaripie kama nilivyotaka kufanya mimi. Ndani ya picha ile mna mapenzi. Lakini kabla ya kuvunja chochote, mwulizeni atakayeoga kinachomuuma, pimeni maji yanayofika kweli, wala si yale yaliyoahidiwa, na mwiteni mwashi agonge boriti. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwashi amesema atamaliza kabla ya Ramadhani, inshallah. Kwamba mama atarukuu tena au hatarukuu, hilo ni la Mwenyezi Mungu. Jana nilimkuta ameuleta mswala wake chini, ameukunja, ameuweka dirishani mwa kile chumba kisichokwisha bado.